Boor si mshamba: jibu kwa mfasiri wa Mombasa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninafasiri riwaya ya Kiingereza na nimekwama. Ndani ya sura moja tu kuna mhusika anayeitwa oaf, mwingine boor, mwingine lout, na wengine wanatupiana clown, klutz, dunce na moron. Kamusi niliyo nayo inazunguka palepale: mjinga, mpumbavu, mshamba. Je, wenye lugha yao wanayatofautisha maneno haya? Na kuna lipi kati ya hayo ambalo ni tusi zito mno, nisithubutu kumwambia mtu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Wanayatofautisha, tena sana, na ukiyaweka yote kwenye kapu la "mjinga" utawanyima wasomaji wako nusu ya riwaya.

Jambo la kwanza la kujiuliza kila unapokutana na neno la aina hii ni: huyu mtu amekosea wapi? Amekosea kwa mikono, kwa akili, au kwa adabu? Klutz ni wa mikono: anaangusha vikombe, anajikwaa kwenye zulia, lakini anaweza kuwa profesa wa fizikia. Dunce na moron ni wa akili. Boor na lout ni wa adabu, na mtu anaweza kuwa na akili kali na mikono hodari akabaki boor. Oaf anachanganya mikono na akili. Clown amekosa uzito: anapewa kazi ya maana akaifanya mzaha. Hiyo ni hatua ya kwanza, na ni rahisi. Hatua ya pili ni kujua neno lina uzito gani, na uzito huo umetoka kwenye historia yake. Hapo ndipo nataka tukae.

Nianze na boor, kwa sababu ndilo linalowatega wafasiri wetu kuliko yote. Liliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka kwa Waholanzi na majirani zao wa kaskazini mwa Ujerumani. Kwao halikuwa tusi. Lilikuwa jina la mkulima, mtu akaaye kwenye ardhi na kuilima. Shina lake lilikuwemo tayari katika Kiingereza cha kale, na hadi leo limejificha mwishoni mwa neno neighbour, ambalo maana yake ya asili ni mkaaji wa karibu. Yaani shina moja limewapa Waingereza jirani na mtovu wa adabu.

Na neno hilohilo, dada yangu, wewe umelitamka maisha yako yote. Walowezi wa Kiholanzi wa Afrika Kusini walijiita Boer, wakulima, na kwao lilikuwa jina la fahari. Baada ya vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902, baadhi yao walipanda hadi huku kwetu: wengine wakakaa karibu na Arusha, wengine wakafika Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Sisi tukawaita Makaburu. Baadaye, miaka ya mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, redio zetu ziliposema "serikali ya Makaburu" hakuna msikilizaji aliyefikiria jembe wala ng'ombe. Tulimfikiria mkandamizaji mwenye bunduki. Mkulima yuleyule, kwa Kiingereza akawa mtu asiye na adabu, kwa Kiswahili akawa dhalimu. Kila lugha ilimhukumu kwa namna ilivyokutana naye.

Boor hayuko peke yake. Churl, mtu mwenye gubu na majibu ya kukera, ametokana na ceorl, ambaye katika Uingereza ya kale alikuwa mtu huru wa tabaka la chini: si mtumwa, si mtawala. Ndugu wa neno hilo kwa Wajerumani na Waskandinavia alipata bahati nzuri zaidi, akawa jina la mtu, Karl. Akatokea Karl mmoja mkubwa, yule Wafaransa wanayemwita Charlemagne, akatawala sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi, na majirani zake Waslavi wakalichukua jina lake kuwa neno lao la "mfalme". Ndiyo maana Wapolandi husema król na Warusi husema korol. Huku mfalme, kule fidhuli, na shina ni moja.

Villain naye, ambaye leo ni yule mbaya wa kwenye sinema, alikuwa mtu wa shamba kubwa la bwana, lililoitwa villa kwa Kilatini. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, watu hawa walihesabiwa kwa maelfu katika sensa kubwa ya mali iliyofanyika mwaka 1086. Walilima ardhi ya bwana, walimfanyia kazi bila ujira siku kadhaa za juma, na hawakuwa na ruhusa ya kuhama bila idhini yake. Kosa lao lilikuwa nini hata jina lao likawa jina la uovu? Hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa maskini, na waliokuwa wakiandika vitabu hawakuwa maskini.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulibebe kuliko yote. Maneno haya hayakubuniwa na watu waliokuwa wakiangalia tabia kwa haki. Yalitungwa na kuandikwa na watu wa ikulu, wa mahakama, wa kanisani na wa mjini, wakiwatazama waliowalisha. Geuza upande wa pili uone maneno ya sifa: courteous limetoka kwenye baraza la mfalme, urbane na civil yametoka kwenye mji na raia wake, gentle limetoka kwenye ukoo bora. Mwenye adabu ni wa mjini na wa nasaba. Asiye na adabu ni wa jembe.

Sisi wa pwani hatuwezi kujitoa hapo. Mwungwana kwetu alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa, kabla hajawa mtu mwenye tabia njema. Mstaarabu ni aliyefuata mwenendo wa Kiarabu. Mshamba ni wa shamba, na mshenzi alikuwa mtu wa bara. Hata mjinga ana yake: kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinaonyesha kwamba neno hilo lilitumika kwa mgeni aliyewasili karibuni, hasa mtumwa mpya aliyeletwa kutoka bara, ambaye hakuwa bado anajua lugha wala desturi za mji. Yule mtu alitolewa kwao kwa nguvu, akafikishwa mahali asipopajua, kisha kutojua kwake kukafanywa jina lake. Inaniuma kila ninapoliona ingizo hilo, na nadhani kila mfasiri wa Kiswahili angefaa alijue.

Sasa, kwa nini nakukataza kufasiri boor kuwa mshamba, ikiwa historia zao zinafanana kiasi hiki? Kwa sababu zimefanana asili, hazifanani leo. Mshamba bado ana harufu ya shamba: ni mtu asiyejua mambo ya mjini, anayeshangaa lifti, anayevaa kinyume na wenzake. Tunamcheka, lakini anaweza kuwa na adabu kuliko sisi sote. Boor wa Kiingereza cha leo amekwisha kuachana na shamba kabisa. Anaweza kuwa tajiri wa London aliyevaa suti ya gharama, anayesema kwa sauti ya juu mezani, anayemkatiza mwenye nyumba, anayemdharau mhudumu na haoni kwamba amekera. Huyo ni mtovu wa adabu, au fidhuli akiwa na kiburi. Kama mwandishi wako anamtania mtu aliyetoka kijijini, atatumia bumpkin, yokel au, kwa Wamarekani, hick, na hapo ndipo mshamba wako anapofaa. Hick, kwa taarifa yako, ni kifupi cha zamani cha jina Richard. Wakulima walikuwa na majina ambayo watu wa mjini waliyaona ya kuchekesha.

Clown alipitia njia hiyohiyo ya shambani, ila yeye alipita jukwaani. Katika Kiingereza cha mwisho wa karne ya 16 clown alikuwa mtu wa kijijini asiyejua mambo, na wachekeshaji wa London walipata riziki kwa kumwigiza. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Richard Tarlton, aliyefariki mwaka 1588, ambaye alipanda jukwaani na nguo za mkulima akiwa na ngoma ndogo na zumari. Watu walicheka mpaka jina la mkulima likamhamia mchekeshaji. Shakespeare aliandika katikati ya mabadiliko hayo: katika As You Like It, Touchstone, ambaye ni mchekeshaji wa ikulu, anamwita mchungaji wa kondoo kwa kumpigia kelele "clown", yaani wewe mtu wa shamba. Msomaji wa leo anashangaa mchekeshaji kumwita mwingine mchekeshaji. Hadhira ya wakati ule haikushangaa hata kidogo. Katika riwaya yako, mtu mzima akiitwa clown kazini, usiandike mchekeshaji. Sema "huyu ni kituko" au "huyu anafanya mchezo na kazi", na msomaji wa Mombasa atakuelewa.

Lout na wenzake nitawapita haraka. Lout ni kijana mkorofi wa mtaani, mara nyingi akiwa na kundi na pombe, muhuni anamtosha. Yob ni neno boy lililoandikwa kinyumenyume, mchezo wa wauza mboga na matunda wa London ya karne ya 19. Hooligan lilisambaa kwenye magazeti ya London mwaka 1898. Wote hawa ni wahuni kwa viwango tofauti.

Tuje kwa watu wa mikono. Hapa Kiingereza kinanifurahisha, kwa sababu maneno yake ya uzembe wa mikono yana huruma iliyofichika. Clumsy limetokana na neno la kale la watu wa kaskazini lililomaanisha kufa ganzi kwa baridi. Fikiria mtu wa nchi ya theluji anayejaribu kufunga kamba za viatu alfajiri, vidole havisikii. Si mjinga huyo, amepigwa na baridi tu. Klutz ni neno la Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, lililofika Marekani na wahamiaji wao; maana yake ni gogo la mti. Wamarekani hulitumia zaidi kujisemea wenyewe wanapomwaga kahawa. Kiswahili hakina neno moja la mtu wa namna hii, na ushauri wangu ni usilitafute. Eleza kitendo: "kila anachoshika kinamponyoka", "hapiti mahali bila kugonga kitu". Ukisema mzembe umemhukumu tabia, na klutz hana tabia mbaya.

Oaf lina huzuni zaidi. Linatokana na alfr la Waskandinavia wa kale, viumbe wa kichawi ambao Waingereza huwaita elf. Watu waliamini kwamba viumbe hao huiba mtoto wa binadamu kitandani na kumwacha wa kwao badala yake. Mtoto aliyechelewa kusema, aliyekuwa mzito wa viungo au asiyefanana na wenzake, aliambiwa ni wa mashetani hao, na jina lake likawa oaf. Leo neno limepoa. Ni mwanamume mkubwa wa mwili, mzito wa kuelewa, asiyejua aiweke wapi mikono yake. "Pandikizi la mtu" ndiyo tafsiri yangu ninayoipenda, ukiongeza "zuzu" kama muktadha unadai akili iguswe.

Kuna neno moja la mikono la kuogopa, ingawa hukulitaja. Spaz, kwa Mmarekani wa kawaida, kwa muda mrefu lilikuwa karibu sawa na klutz. Kwa Mwingereza ni tusi chafu kabisa, kwa sababu limekatwa kutoka kwenye spastic, neno la kitabibu la watu wenye mtindio wa ubongo. Nchini Uingereza shirika kubwa la kuwahudumia watu hao lilibeba neno hilo katika jina lake kwa miongo kadhaa, hadi likalazimika kujiita Scope mwaka 1994 kwa sababu watoto shuleni walikuwa wamegeuza jina la msaada kuwa kejeli. Mwaka 2022, wanamuziki wa Marekani Lizzo na Beyoncé, kila mmoja kwa wakati wake, walibadilisha mashairi ya nyimbo zao mpya baada ya watu wenye ulemavu kulalamikia neno spaz. Walisikiliza, wakalitoa. Nawaheshimu kwa hilo.

Na sasa swali lako la pili, lipi lisitamkwe. Dunce halina madhara makubwa. Limetokana na John Duns Scotus, mwanateolojia wa Scotland aliyefariki Cologne mwaka 1308, mmoja wa watu wenye akili kali zaidi katika zama zake. Karne mbili baadaye wafuasi wake walipinga elimu mpya ya Kigiriki na fasihi, na wapinzani wao wakalifanya jina la mwalimu kuwa jina la mtu asiyefundishika. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mwaka 1993, lakini jina halikupona. Kwa Kiswahili cha shuleni tuna mbumbumbu, na wanafunzi wa Tanzania wana kilaza. Chagua kwa kuangalia riwaya yako imetokea wapi.

Moron ndilo la kukaa nalo mbali. Halina asili ya mtaani. Lilibuniwa mwaka 1910 na mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, kutoka neno la Kigiriki la upumbavu, ili kuwaainisha watu kwa vipimo vya akili. Idiot aliwekwa kwenye akili ya mtoto asiyezidi miaka miwili, imbecile kati ya mitatu na saba, moron kati ya minane na kumi na miwili. Maneno haya yaliandikwa kwenye mafaili ya hospitali, na mafaili hayo yaliamua maisha ya watu. Katika jimbo la Virginia, msichana anayeitwa Carrie Buck alibakwa, akapata mimba, na familia iliyokuwa ikimlea ikampeleka kwenye taasisi ya "wenye akili dhaifu", alikokuwa tayari mama yake. Faili lake likasema moron. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu afungwe uzazi kwa upasuaji, kwa kura nane dhidi ya moja, na jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya imbecile vinatosha. Kizazi cha tatu alichokisema kilikuwa binti mdogo wa Carrie, Vivian. Mtoto huyo alienda shule na akafanya vizuri, hata jina lake likawekwa kwenye orodha ya heshima ya wanafunzi, kabla hajafariki akiwa na miaka minane. Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi chini ya sheria za namna hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ni maneno tu.

Cretin ni la ukoo huohuo. Katika mabonde ya milima ya Alps, ambako udongo hauna madini joto, walizaliwa watoto waliodumaa mwili na akili, wengine wakiwa na rovu shingoni. Wenyeji waliwaita kwa neno la lahaja yao lenye maana ya Mkristo, wakikusudia kwamba hawa nao ni binadamu wenzetu. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, na watoto wa namna hiyo wakaacha kuzaliwa. Ugonjwa ulikwisha, na neno lililoanza kwa upendo likabaki tusi. Sisi tuna taahira na zezeta, nayo yamepita njia hiyohiyo, na sipendi kuyaona yakitupwa ovyo kwenye vitabu vya watoto.

Kuna chombo ambacho Kiingereza hakina na wewe unacho: ngeli. Mjinga ni mtu asiyejua, na anaweza kufundishwa; ndiyo maana Tanzania ilipopata uhuru ujinga ulitangazwa adui pamoja na maradhi na umaskini, na hakuna mwananchi aliyeona ametukanwa. Ukimtoa mtu kwenye ngeli yake na kusema "jinga hili" au "lijinga", umemvua utu. Ukisema "kafanya kijinga" umelaumu kitendo na kumwacha mtu salama. Kwa hiyo silly, ambalo kwa Kiingereza cha kale lilimaanisha aliyebarikiwa na leo mama humwambia mtoto wake huku akimkumbatia, litakubali "acha ujinga wako" likisemwa kwa kicheko, lakini haliwezi kubeba "jinga". Angalia pia wasomaji wako: Nairobi neno mjinga linauma kuliko linavyouma Dar es Salaam.

Kwa hiyo moron ya riwaya yako, ikiwa inatoka kwa dereva mwenye hasira barabarani, iandike "pumbavu!" na uendelee. Lakini kama mhusika ni daktari wa Marekani wa miaka ya 1920 anayejaza faili, usilainishe. Mwandikie "taahira", kwa sauti baridi ya ofisi, kama lilivyoandikwa kwenye faili la Carrie Buck.